Nguo Kabla ya Dhahabu

Anayekwenda Lima kutafuta dhahabu ya Inka amechelewa kwa takribani miaka mia tano. Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo iliyeyushwa mwaka 1533 katika mji wa milimani wa Cajamarca. Atahualpa, mtawala wa Inka, alikuwa ametekwa na Mhispania Francisco Pizarro tarehe 16 Novemba 1532, naye akaahidi kujikomboa kwa kujaza chumba kizima dhahabu mara moja na fedha mara mbili. Vyombo vikaletwa kutoka kila upande wa dola, pamoja na mabamba yaliyobanduliwa kwenye kuta za hekalu la Jua kule Cusco. Tanuri zikawashwa, na mafundi wenyeji wakafanyizwa kazi ya kuyeyusha vitu vilivyofuliwa na mafundi wenzao. Zikatoka takribani tani 6 za dhahabu na zaidi ya tani 11 za fedha, zote zimekuwa vipande vya kupimwa kwa mizani na kugawanywa. Atahualpa alitimiza ahadi yake, na bado wakamnyonga.

Habari hii husimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara husimuliwa nusu. Francisco de Xerez, katibu wa Pizarro, alikuwapo Cajamarca na aliandika pia kuhusu maghala ya mji huo. Yalikuwa yamejaa nguo, zimefungwa mafurushi na kupangwa hadi kwenye paa. Wahispania walichukua walizozitaka, asema Xerez, na maghala yakabaki yamejaa kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Kisha wakarudi kwenye tanuri zao. Hakuna aliyejiuliza kwa nini dola yenye dhahabu nyingi hivyo ilijaza maghala yake nguo.

Nakushauri uingie Museo Larco na swali hilo mkononi, kwa maana makumbusho yenyewe hayatakuuliza. Yako katika mtaa wa Pueblo Libre, ndani ya jumba la karne ya 18 lililojengwa juu ya piramidi ya udongo ya karne ya 7, na bustani yake ina maua mengi kiasi kwamba wageni wengine hawaendi mbali zaidi ya mgahawa. Mwanzilishi wake, Rafael Larco Hoyle, alikuwa mtoto wa tajiri wa mashamba ya miwa ya kaskazini mwa Peru. Alisomea kilimo. Mwaka 1926 alifungua makumbusho shambani kwao Chiclín, akiwa na umri wa miaka 25, akaendelea kujifundisha elimu ya mambo ya kale hadi akawa mtu wa kuzipa majina tamaduni zilizokuwa hazijulikani, kama Cupisnique, Virú na Salinar. Vyungu vya Wamoche, watu waliotawala mabonde ya pwani ya kaskazini kati ya mwaka 100 na 800 hivi, alivipanga katika vipindi vitano kwa kutazama umbo la mdomo wa chungu tu. Mpangilio huo umekosolewa na kurekebishwa, lakini hata wanaoukosoa bado wanautumia.

Baadaye mkusanyo ukahamishiwa Lima, na hapo ukafanyiwa jambo ambalo makumbusho makubwa mengi huliogopa: ghala likafunguliwa kwa wageni. Popote kwingine huoneshwa vitu vichache vilivyoteuliwa, na vilivyobaki vimelala chini ya ardhi katika masanduku yenye namba. Hapa unapita kati ya makabati ya kioo yanayofika darini, na ndani yake vimebanana makumi ya maelfu ya vyombo vya udongo, vimepangwa kwa mada: bundi na bundi wenzao, sili pamoja na sili, vipofu, wagonjwa, wapiga ngoma, mama wanaojifungua. Katika ukumbi wa kawaida chombo kimoja huwekwa peke yake chini ya taa, nawe unaamini hakina mfano. Ghalani unaona ndugu zake arobaini, na ghafla unaelewa kwamba mfinyanzi alikuwa na karakana, na karakana ilikuwa na wateja.

Kabati la mimea ndilo litakalomchelewesha mtu wa Afrika Mashariki. Kuna vyungu vyenye umbo la gunzi la mahindi, vingine vya karanga, mihogo, viazi, maboga na pilipili. Vyakula hivi vyote vilivuka bahari baada ya Wareno na Wahispania kufika Amerika, vikatufikia sisi, vikakaa hadi tukasahau kwamba ni wageni. Hapa unavikuta kwao, vimefinyangwa na watu waliovila zaidi ya miaka elfu moja kabla jahazi lolote halijaleta punje ya hindi Mombasa.

Wafinyanzi hao hawakutumia gurudumu. Walibonyeza udongo ndani ya kalibu za vipande viwili, wakaunganisha nusu mbili, wakapachika juu mirija miwili inayopinda na kukutana kuwa mdomo mmoja. Kalibu iliwawezesha kurudia sura ileile mara nyingi, kisha kila nakala wakaipaka rangi kivyake. Hivyo ndivyo tulivyopata vyungu vya sura za watu, ambavyo kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora za ufinyanzi zilizowahi kufanywa popote. Hizi si sura za miungu wala za mfano. Mmoja ana jicho bovu, mwingine anacheka na pengo, mwingine ana uso wa mtu aliyezoea kutiiwa.

Christopher Donnan, mtaalamu Mmarekani aliyetumia maisha yake kupiga picha za vyombo vya Moche duniani kote, aligundua kwamba watu fulani hurudi tena na tena. Mmoja wao ana kovu kwenye mdomo. Donnan alikusanya zaidi ya vyungu 40 vya mtu huyu, na vinamwonesha tangu akiwa mvulana wa miaka kumi hivi hadi amekuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Jina lake limepotea, lakini tunajua uso wake ulivyobadilika, jambo tusiloweza kusema kuhusu wafalme wengi wa zama hizo walioacha maandishi. Kuna jingine ambalo Donnan aliliona, nalo si la kupendeza: baadhi ya wanaume waliofinyangwa wakiwa wamevaa vilemba na vipuli vya heshima wanaonekana kwenye vyungu vingine wakiwa uchi, kamba shingoni. Walikuwa mateka, nao mateka wa Wamoche walichinjwa, damu yao ikanywewa kwenye kikombe mbele ya kuhani aliyevaa kofia ya mwezi mwandamo.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani picha hizo za kunywa damu ni hadithi za miungu. Kisha mwaka 1987 wezi wa makaburi wakachimba kwenye kilima cha Huaca Rajada karibu na kijiji cha Sipán, polisi wakamwita Walter Alva, mkuu wa makumbusho ya eneo hilo, naye akakuta chini yake kaburi ambalo wezi hawakulifikia. Mtu aliyezikwa humo alikuwa amevaa mavazi yaleyale ya kuhani wa kwenye vyungu. Hazina yake iko kaskazini, mjini Lambayeque, katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2002, na anayeweza kufika huko asikose. Shingoni alikuwa na mkufu wa karanga, kubwa kuliko karanga za kweli: kumi za dhahabu upande wa kulia, kumi za fedha upande wa kushoto. Bwana mkubwa kuzikwa na karanga! Sonara wa mahali pengine angechagua simba.

Ukumbi wa vyungu vya mapenzi nitaupita haraka, kwani hauhitaji kupigiwa debe. Uko ng'ambo ya bustani, una mlango wake, na utautambua kwa vicheko.

Basi na twende kwenye dhahabu. Karibu yote inayoonekana Larco si ya Inka. Ni ya Wamoche na ya Wachimú, waliojenga mji wa Chan Chan na kushindwa na Inka karibu mwaka 1470. Imepona kwa sababu ilikuwa imezikwa. Katikati ya ukumbi limesimama vazi zima la mtu mkubwa wa Kichimú, taji yenye manyoya ya dhahabu, vipuli vipana, bamba la kifuani, na hapo ndipo simu zote huinuliwa. Hata mimi niliinua yangu.

Ila dhahabu hiyo ina siri ambayo haionekani kwenye picha. Vitu vingi vya aina hii si dhahabu tupu, wala havikupakwa dhahabu juu. Heather Lechtman wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts alivichunguza kimaabara akaonesha namna vilivyotengenezwa. Fundi alichanganya shaba, fedha na dhahabu katika kipande kimoja, akakigonga kiwe bamba. Metali ikigongwa hukakamaa, hivyo alilazimika kuirudisha motoni mara kwa mara. Kila ilipopata moto, shaba iliyokuwa juu ililiwa na hewa ikawa ukoko, naye akauosha kwa maji makali yaliyotokana na mimea au mkojo uliochacha. Juu ikabaki fedha na dhahabu. Baadaye fedha nayo ikaondolewa usoni kwa chumvi za ardhini zinazoila. Rangi ya dhahabu ikajitokeza kutoka ndani ya bamba lenyewe.

Wahispania walipoyeyusha vitu vya namna hii na kupata shaba nyingi kuliko walivyotarajia, waliona wamepunjwa. Lechtman aliona kinyume. Kama shabaha ilikuwa kumhadaa mtazamaji, alisema, kuna njia rahisi zaidi za kupaka dhahabu juu ya shaba. Fundi wa Andes alitaka kile kinachoonekana usoni kiwe kimo ndani tangu mwanzo. Naye Lechtman alipotafuta wazo hilo lilitoka wapi, alielekeza kidole kwa wafumaji.

Ni ushahidi unaokufuata hadi ukumbi wa nguo. Ukumbi huo una giza, na wengi huupita wakidhani taa zimeharibika. Giza lina sababu. Mwanga hula rangi, na rangi iliyoliwa hairudi, kwa hiyo nguo za kale huwekewa mwanga wa lux 50 hivi, kiasi ambacho jicho lililotoka juani huhitaji dakika kadhaa kukizoea. Kaa kwenye benchi. Acha kundi lenye mwongoza wageni litoke. Polepole rangi zitakuja: nyekundu iliyotolewa kwa wadudu wadogo wa kochinili wanaoishi kwenye mipungate, buluu ya nili, manjano ya majani, na hudhurungi ambayo haikupakwa kabisa kwa sababu pamba ya Peru huota yenyewe ikiwa na rangi hiyo.

Kisha tazama pindo. Nguo ya kale ya Andes kwa kawaida haikukatwa kwa mkasi. Ilifumwa kufikia ukubwa wake kamili, imemalizika pande zote nne, na tundu la kichwa liliachwa wazi tangu kwenye kitanda cha mfumi. Michoro yake mingi haikuchapwa wala kuchorwa juu. Mtande na mshindio ndio mchoro. Ukitaka kuufuta huna budi kuifumua nguo. Nguo bora kabisa ya Inka, ile ya qompi, ilikuwa sawa pande zote mbili, haina ndani wala nje. Sasa likumbuke bamba la dhahabu.

Kwa Inka nguo ilikuwa ndiyo serikali. Mwanaanthropolojia John Murra, katika makala yake ya mwaka 1962, alikusanya maneno ya watu wa karne ya 16 na kuonesha ilivyofanya kazi. Kila kaya ilipewa sufu kutoka ghala la dola ikafuma kwa ajili ya dola. Wanawake waliochaguliwa, aqllakuna, waliishi pamoja wakifuma maisha yao yote, na wanaume mafundi wa qompi walifanya kazi hiyo tu. Askari alilipwa nguo. Chifu aliyeshindwa vitani alipewa nguo za mfalme, na kuzipokea ndiko kulikokuwa kutii. Nguo ziliteketezwa motoni kama sadaka kwa Jua. Majeshi ya Inka yaliporudi nyuma mbele ya Wahispania, yalichoma maghala ya nguo ili adui asiyapate. Adui, kama tulivyokwisha kuona, hakuwa na haja nayo.

Nje ya lango la Larco kuna mstari wa buluu uliochorwa njiani. Ufuate kwa dakika ishirini hivi kupita nyumba za watu na maduka ya kona, nao utakufikisha kwenye makumbusho ya taifa ya mambo ya kale, ambamo mna kaburi la mwanaakiolojia Julio César Tello. Alizaliwa mwaka 1880 katika milima ya Huarochirí, mtoto wa wakulima wenyeji aliyesema Kikechua, akasomea udaktari Lima, kisha Harvard. Kuanzia mwaka 1927 timu yake ilifukua katika jangwa la Paracas mafurushi 429 ya maiti. Ndani ya kila furushi alikuwa mtu aliyeketi, magoti kifuani, amezungushiwa nguo. Makubwa zaidi yalikuwa na nguo nyingi mno, zikiwemo shuka za urefu wa zaidi ya mita mbili zilizodariziwa viumbe wanaoruka, wenye vichwa vya maadui mkononi, kila mmoja umbo lilelile katika mpango tofauti wa rangi. Zina miaka elfu mbili hivi. Jangwa lisilopata mvua lilizihifadhi vizuri kuliko makumbusho yoyote.

Tello alipoondolewa kwenye uongozi wa makumbusho mwaka 1930, baada ya serikali iliyomuunga mkono kupinduliwa, wezi wakaivamia Paracas. Nguo zikauzwa. Baadhi zilitoka nchini kwa siri kupitia kwa balozi mdogo wa Uswidi, Sven Karell, zikaishia mji wa Gothenburg. Huko zikakaa zaidi ya miaka sabini. Mwaka 2008 makumbusho ya mji huo yalifanya jambo la ajabu: yalifungua maonyesho ya nguo hizo yakayapa jina la Ulimwengu Ulioibiwa. Ukishaandika hivyo ukutani kwako, utaendelea kukaa nazo kwa hoja ipi? Peru ikadai, na mwaka 2014 Gothenburg ikakubali kurudisha nguo 89 kwa awamu. Nne za kwanza zilisafiri mwaka huohuo. Hoja iliyotolewa kwa muda mrefu dhidi ya kuzirudisha haikuwa ya kubuni: nguo kongwe namna hii huumizwa na mtikisiko wa safari, na kila safari huzipunguzia umri. Lakini hoja hiyo haikumzuia mtu yeyote kuzipandisha melini katika miaka ya 1930.

Kitu cha mwisho cha kutafuta, Larco au Berlin kwenye mkusanyo mkubwa kuliko yote, ni khipu. Imetandazwa kwenye kabati, kamba moja nene na kamba nyembamba nyingi zikining'inia, utadhani ufagio wa makuti uliochakaa. Dola ya Inka, iliyotawala kutoka kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile, haikuandika herufi hata moja, ilifunga mafundo. Mwaka 1912 mtafiti Leland Locke alionesha kwamba mafundo mengi ni hesabu ya makumi: moja chini, kumi juu yake, mia juu zaidi, na pale pasipo fundo ni sifuri. Khipu zilizosalia zinafika elfu moja na ushei. Miaka michache iliyopita Manny Medrano, akiwa bado mwanafunzi wa Harvard, pamoja na mwalimu wake Gary Urton, walilinganisha khipu sita kutoka bonde la Santa na orodha ya Kihispania ya walipa kodi ya mwaka 1670, wakaona dalili kwamba rangi za kamba na namna zilivyofungwa huenda zinabeba majina na koo za watu. Kama ni hivyo, mafundo yalibeba zaidi ya hesabu.

Khipu mbili ambazo zingependeza zaidi kuonekana haziko kwenye kabati lolote la makumbusho. Zinatunzwa katika sanduku la mbao pamoja na nyaraka za enzi za ukoloni na wanakijiji wa San Juan de Collata, katika Huarochirí ileile alikozaliwa Tello. Mwaka 2017 Sabine Hyland wa Chuo Kikuu cha St Andrews alichapisha uchunguzi wake juu yake. Wazee walimwambia ni barua, zilizoandikwa na wakubwa wa kijiji wakati wa vita vya karne ya 18. Alihesabu aina 95 tofauti za kamba zinazoning'inia, kiasi kinachoelekea kwenye mfumo wa maandishi kuliko wa hesabu. Zina rangi 14, na nyuzi zake ni za wanyama sita, wakiwemo lama, alpaka, vikunya na paa. Hyland alitakiwa azishike kwa mikono mitupu, kwa sababu mnyama ana maana yake katika ujumbe na tofauti kati ya sufu na sufu hujulikana kwa vidole. Kibandiko cha khipu makumbusho kwa kawaida huandika pamba, au sufu, basi. Kama wazee wa Collata wanasema kweli, kibandiko hicho kimeacha sehemu ya barua, na itabidi mtu avue glavu apitie kabati baada ya kabati, kamba baada ya kamba, akiuliza kila uzi ulitoka mgongoni mwa mnyama gani.